Taa Isemayo Kweli

Leo nataka tukae kidogo na watu ambao majina yao hayatajwi hata siku habari kubwa za sayansi zinapotangazwa. Tarehe 4 Julai 2012 dunia nzima iliambiwa kwamba chembe ya Higgs imeonekana. Mwaka uliofuata wazee wawili, François Englert wa Ubelgiji na Peter Higgs wa Uingereza, walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, na walistahili, maana walikuwa wameieleza tangu 1964. Lakini ili chembe hiyo ionekane, mtambo wenye mzunguko wa kilomita 27 ulilazimika kuendeshwa usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi, na watu wa zamu waliokaa mbele ya skrini wakiuongoza na kuulinda. Hao ndio ninaotaka tuwazungumzie: waendeshaji mitambo, na chumba wanamofanyia kazi.

Mtambo wenyewe unaitwa LHC. Uko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva, na ni wa CERN, shirika la utafiti lililoanzishwa na nchi za Ulaya mwaka 1954. Handaki lake limepita chini ya mashamba na vijiji, kati ya mita 50 na 175 kwenda chini. Humo kuna mabomba mawili yaliyonyonywa hewa yote, na protoni zinakimbia ndani yake, bomba moja upande huu na jingine upande wa pili, kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Zinazunguka handaki zima zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja. Sumaku kubwa 1,232, kila moja yenye urefu wa mita 15, ndizo zinazozipinda zisitoke njiani, na sumaku hizo hupozwa kwa heli hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, baridi inayoizidi hata ile ya anga kati ya nyota.

Sasa tuingie chumbani. Kiko Prévessin, upande wa Ufaransa, na kilianza kazi mwaka 2006. Utakuta visiwa vinne vya meza, kila meza imebeba skrini kadhaa, na juu ukutani zipo skrini kubwa zaidi zinazosomeka na kila aliyemo. Kisiwa kimoja ni cha LHC. Kingine ni cha SPS, mtambo wa karibu kilomita 7 unaoipelekea LHC protoni zake. Cha tatu kinaangalia mitambo midogo zaidi, ile inayozipa protoni mwendo wa kwanza. Cha nne ni cha mambo ambayo bila hayo hakuna sayansi yoyote: umeme, maji ya kupozea, hewa ya mahandaki. Watu wa heli nao wamo humo humo. Na kwenye rafu zimepangwa chupa tupu za shampeni, kumbukumbu za siku ambazo jambo fulani lilifaulu kwa mara ya kwanza.

Kabla ya hapo makundi haya yalikaa katika vyumba mbalimbali, kila moja na kwake, yakizungumza kwa simu. Ukiangalia jinsi kazi inavyokwenda utaona kwa nini wakaunganishwa. Protoni hazizaliwi ndani ya LHC. Hukabidhiwa kutoka mtambo mdogo kwenda mkubwa, na ule mkubwa kwenda mkubwa zaidi, na kila makabidhiano yanawataka watu wawili waelewane barabara. Mtu wa SPS akimsikia mwenzake wa LHC ameguna, anageuza kichwa na kuuliza kuna nini. Simu haipitishi mguno. Mimi naamini kwa dhati kwamba uamuzi ule wa kuwaweka watu wote chini ya paa moja ulifanya kazi ambayo programu ya kompyuta isingeifanya.

Tatizo la chumba kama hiki, yaani mwendeshaji aonyeshwe nini mezani pake, lina historia, na historia yenyewe ni tamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, CERN ilipokuwa ikijenga SPS, desturi ilikuwa kila kifaa kiwe na kitufe chake na waya wake hadi chumba cha udhibiti. Kwa mtambo mdogo hilo linawezekana. Kwa mtambo wa kilomita saba wenye maelfu ya vifaa, ungehitaji ukuta mzima wa vitufe na taa, ukuta ambao hakuna binadamu angeweza kuusoma mambo yakienda kombo. Frank Beck, aliyekuwa akisimamia chumba kile, alimwendea mhandisi wa elektroniki kutoka Denmark, Bent Stumpe, amtafutie njia. Tarehe 11 Machi 1972 Stumpe aliandika kwa mkono pendekezo lake: kioo chenye nyaya nyembamba mno za shaba zinazohisi kidole, na nyuma yake skrini inayobadilisha maandishi ya vitufe kulingana na kazi iliyopo. Gusa neno moja, vitufe vyote vinageuka vingine. SPS ilipowashwa mwaka 1976, skrini za kugusa zilikuwa tayari mezani kwa waendeshaji, miaka mingi kabla ya simu iliyo mfukoni mwako leo. Palikuwa pia na kitasa kimoja cha kuzungusha ambacho kompyuta ingeweza kukigeuza kuwa kitasa cha kifaa chochote.

Watu husifu kile kioo, na wana haki. Mimi nasifu zaidi kile ambacho kioo kilificha. Mwendeshaji alipewa vitufe vichache tu, vile vya kazi aliyoishika wakati huo, na vingine vyote vikakaa kimya mpaka vitakapoitwa. Kuchagua cha kutomwonyesha mtu ni kazi ngumu kuliko kumwonyesha kila kitu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi na wanaojenga mitambo.

Matokeo ya kupuuza yalionekana Marekani, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania. Kile hakikuwa kituo cha utafiti, kilikuwa cha kuzalisha umeme, lakini kila anayebuni chumba cha udhibiti tangu hapo amekisoma. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979 pampu za maji zilisimama, kinu kikajizima chenyewe, na vali moja ikafunguka kupunguza shinikizo, kama ilivyotakiwa. Kisha ilitakiwa ifunge. Haikufunga. Ilikwama wazi, na maji ya kupozea kinu yakawa yanatoka. Mezani kwa waendeshaji taa ilikuwa imezimika, nao wakaelewa kwamba vali imefunga. Lakini taa ile ilikuwa haipimi vali. Ilikuwa ikionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Kwa zaidi ya saa mbili watu wenye akili zao na mafunzo yao walikuwa wakiamini amri badala ya hali halisi. Na katika dakika chache za mwanzo zaidi ya kengele 100 zililia kwa pamoja, za maana na zisizo na maana, bila namna yoyote ya kuzinyamazisha zile ndogo ili kubwa isikike. Pembeni, taa nyingine muhimu ilikuwa imefunikwa na kikaratasi cha mafundi kilichokuwa kikining'inia.

Nimekaa sana na kisa hiki kwa sababu kinaniuma. Baadaye lilisemwa neno rahisi kwamba waendeshaji walikosea. Walikosea, ndiyo, lakini chumba chao kiliwadanganya kwanza. Taa iliyo mezani kwa mtu wa zamu inatakiwa iseme vali iko wazi au imefungwa, na kama haijui, iseme haijui.

Turudi Geneva tuone watu wa CERN wamefanyaje ili vifaa vyao visiwadanganye. Mkondo mmoja wa protoni ukiwa umefikia nguvu kamili umebeba zaidi ya jouli milioni 300, nishati ya kutosha kuyeyusha karibu nusu tani ya shaba. Ukitoka njiani utatoboa mtambo. Na unazunguka mara 11,000 kwa sekunde, wakati jicho na kidole cha binadamu aliye macho kabisa vinahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde kuona na kubonyeza. Katika muda huo protoni zimekwisha pita mbele yake zaidi ya mara 2,000. Kwa hiyo ulinzi wa haraka haukuachiwa binadamu. Kuzunguka handaki kuna vipima takriban 4,000 vinavyosikiliza kama protoni zinapotea pembeni, na kimoja kikisikia zaidi ya kiasi, mkondo wote unatolewa njiani ndani ya mizunguko mitatu, unapelekwa kwenye handaki la pembeni na kugongeshwa kwenye gogo kubwa la grafiti.

Namna vinavyowasiliana vipima hivyo ndiyo inayonivutia. Havisubiri hatari ndipo vipige kelele. Vinatoa ruhusa muda wote, bila kukatika: endelea, endelea, endelea. Ruhusa ikikatika, mkondo unatupwa. Ni kama mlinzi wa usiku anayepiga filimbi kila saa. Usiku ambao filimbi haikusikika ndio wa kuamka, hata kama hukusikia mwizi. Waya ukikatika, kompyuta ikizima, umeme ukipotea, ukimya wenyewe unatosha kuusimamisha mtambo. Kwa mpango huo kifaa kibovu hakiwezi kusema uongo kwamba mambo ni shwari.

Hata hivyo mpango mzuri hulinda kile tu kilichofikiriwa. LHC iliwashwa kwa shangwe tarehe 10 Septemba 2008. Siku tisa baadaye, tarehe 19, wakipandisha umeme katika sumaku bila protoni yoyote ndani, kiungio kimoja cha nyaya kati ya sumaku mbili kilishindwa. Cheche kubwa ikatoboa chombo cha heli, tani kadhaa za heli zikafumka, na shinikizo likang'oa sumaku nzito kutoka mahali pake. Sumaku 53 zilibidi kutolewa na kupelekwa juu. Hakuna aliyeumia, maana handaki huwa tupu wakati wa kazi ile. Mtambo haukuwaka tena hadi Novemba 2009.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mtu wa zamu hawezi kuisahau. Wachunguzi waliporudi kwenye kumbukumbu za kompyuta waligundua kwamba siku chache kabla, tarehe 15 Septemba, katika jaribio la umeme mdogo zaidi, joto la eneo lile lilikuwa limepanda. Lilipanda kidogo mno, sehemu ndogo ya nyuzi moja, lakini lilipanda, na namba zilikuwa zimehifadhiwa. Zilikuwepo. Hakukuwa na skrini iliyotengenezwa kumwonyesha mtu jambo hilo, wala kifaa kilichokuwa kikipima viungio vile kwa umakini uliohitajika. Baada ya hapo waliongeza mfumo mzima wa kuvipima viungio.

Kama mashine inajilinda yenyewe kwa kufumba na kufumbua, mwendeshaji amebaki na nini? Amebaki na kuelewa. Mwaka 1996, ndani ya handaki hilo hilo, ulikuwepo mtambo mwingine, LEP, uliokuwa ukikimbiza elektroni na positroni. Baada ya mapumziko ya matengenezo uliwashwa, na chembe zikakataa kuzunguka. Ziliingia, zikaenda, zikapotea. Sumaku zilikuwa sawa, vifaa vya umeme vilikuwa sawa, hakuna kengele iliyolia. Waendeshaji walikuna vichwa siku kadhaa. Wakaanza kuzisukuma chembe kidogo kidogo huku na huku, wakisoma kipimo kimoja baada ya kingine ili wajue zinafia wapi, hadi wakapapata mahali penyewe katika kilomita 27. Bomba likafunguliwa. Ndani mlikuwa na chupa mbili za bia. Hakuna mfumo ambao ungekuwa na kengele ya chupa za bia; waliozipata ni watu waliokaa na mtambo wao mpaka wakaijua tabia yake.

Tabia hiyo ni pana kuliko unavyodhani. Mwezi unapovuta bahari zetu ukaleta maji kupwa na kujaa, unavuta pia mwamba wa Geneva, na mzunguko wa mtambo unabadilika kwa kama milimita moja. Kwa chembe zinazotaka usahihi ule, milimita inaonekana, na waendeshaji wa LHC hulazimika kuirekebisha. Wakati wa LEP waligundua hata umeme wa treni zipitazo karibu ulikuwa ukijipenyeza kwenye mtambo. Na alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2016 umeme ulikatika kwa sababu mnyama mdogo wa jamii ya kicheche alipanda kwenye transfoma ya volti 66,000. Mtambo ukasimama kwa siku kadhaa.

Mwendeshaji ameshika pia maisha ya watu. Fundi akitaka kushuka handakini, hupewa ufunguo wake binafsi kutoka kwenye kabati linalosimamiwa na chumba cha udhibiti. Ufunguo mmoja ukiwa bado mfukoni mwa mtu, protoni haziwezi kuingizwa. Na baada ya kazi kubwa, kabla ya kufunga, watu hupita handakini kwa miguu kuhakikisha hakuna aliyebaki. Yule aliye mezani anamwona mwenzake wa langoni kwa kamera, anamsikia kwa kipaza sauti, ndipo anamwachia ufunguo.

Kukaa mbali na kile unachokiongoza si jambo geni kwetu pia. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walijenga majukwaa mawili baharini: San Marco la kurushia roketi, na Santa Rita lenye chumba cha udhibiti, maji katikati na nyaya chini ya maji. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei, nayo ikaitwa Uhuru. Leo darubini ya redio ya MeerKAT, yenye madishi 64 katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, inaongozwa na watu walioko Cape Town, mamia ya kilomita mbali, kwa sababu vifaa vya umeme vya binadamu vikikaa karibu na madishi hufunika sauti hafifu za nyota. MeerKAT itaunganishwa katika SKA, mradi mkubwa wa darubini za redio ambao Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizo washirika wake. Vijana wetu watakaokalia viti vile watakuwa hawasikii mlio wa injini wala hawanusi waya unaoungua. Watakuwa na skrini peke yake. Kwa hiyo ukweli wa skrini ndio mboni ya kazi yao.

Na wapo watakaokalia usiku. Zamu ya LHC huwa na watu wawili, na naiona idadi hiyo kuwa ya busara kuliko mmoja, hata siku ambazo hakuna la kufanya. Nyinyi mnaonisikiliza mkiwa kazini usiku huu, wauguzi, watu wa gridi ya umeme, waongoza ndege, mnajua saa tisa usiku ilivyo. Macho yanaona, lakini fikra zinachelewa kufika. Mwenzako akikuuliza tu, mbona kile kimepanda, unazinduka. Ndiyo maana pia daftari la zamu linaandikwa kwa maneno ya mtu, pamoja na namba zote ambazo kompyuta inazihifadhi: tulijaribu hili, halikusaidia, tunashuku lile. Anayeingia zamu asubuhi anarithi shaka ya waliomtangulia, na shaka hiyo ina thamani.

Siku hizi kazi nyingi za mikono zimeondolewa. Programu inafuata orodha ya hatua, inaingiza protoni, inapandisha nguvu yake kwa dakika kama 20, inabana mkondo, inaikutanisha mikondo. Katika mitambo midogo kompyuta zimeanza hata kujifunza kurekebisha zenyewe. Sipingi hilo. Hofu yangu ni kwa mtu anayeketi miezi akitazama mambo yakijiendesha, kisha siku moja anatakiwa ayashike yote kwa mikono ambayo haijashika kitu.

Kuna hatua moja ambayo CERN imemwachia binadamu, na ningependa kila kituo kikubwa kinachojengwa Afrika kiiige. Mkondo ukitupwa kabla ya wakati, vifaa vyote vinamwaga kumbukumbu za nyakati zile za mwisho, na kompyuta inazichambua. Protoni mpya haziingizwi mpaka mtu wa zamu apitie uchambuzi ule na kuuthibitisha. Kama kuna mchoro asioelewa, halazimiki kujifanya ameelewa. Anamwita mtaalamu wa kifaa hicho, hata kama ni kumwamsha kitandani. Wanafizikia wanangoja, kila saa ina gharama, na kishawishi cha kubonyeza ndiyo ni kikubwa. Kituo kinachomlaumu mtu kwa kumwamsha mtaalamu bure kinamfundisha athibitishe bila kusoma. Ningependa wakubwa wa vituo vyetu wamwandikie mwendeshaji haki hiyo kwenye mkataba wake wa kazi, kwa maneno yasiyo na utata: ana ruhusa kusema sijaelewa, na mtambo mzima utamngoja.